Kabla ya Kuwasha

Shija, acha hiyo kamba. Hatuwashi bado.
Kwanza tumhoji mwenye kisiki.
Mama Mbuke, mti huu uliwahi kugongewa nini?
Misumari ya bango? Ndoano ya kamba ya nguo?
Bomba la maji limepita wapi, na waya wa umeme?
Anasema hakuna, hakuna, chapeni kazi.
Watu husahau. Mti hausahau,
humeza tu, kisha huotesha gome juu yake.

Huu ni mkenge, na mafundi wengi wameuingia.

Tena hapa ni Isamilo, ukichimba kwa kijiko unakuta jabali.
Mizizi imekumbatia mawe
kama abiria wa meli ya Ukerewe na vifurushi vyao.
Shika mtarimbo. Chokoa pande zote,
toa kila kokoto, hata ya ukubwa wa kichwa cha dagaa.
Jiwe la Mwanza halijui bei ya jino la mashine,
wala halijui jicho lako ni la nani.

Vaa miwani. Ziba masikio. Chomeka shati.
Mimi kilemba nilikiacha nyumbani siku ya kwanza
na sijakirudia.
Tia kabari nyuma ya magurudumu, mteremko huu hauna huruma.
Ziwa linametameta kule chini; litametameta hata jioni,
usiligeukie.
Watoto, hatua thelathini. Kuku pia.
Na yule jirani anayetupiga picha
mwambie arudi nyuma ya ukuta:
kibanzi kikiruka hakibishi hodi.

Ng'.

Umesikia? Hiyo si sauti ya jiwe.
Gonga tena.
Mama Mbuke ameshika mdomo.
"Mnyororo," anasema. "Mnyororo wa Polisi."
Mbwa wa marehemu mumewe, mwaka ule wa magugu maji,
alifungwa hapa akibweka usiku kucha
mpaka usiku mmoja hakubweka.
Mnyororo ukaachwa, mti ukaufunika polepole.

Tumetumia patasi na saa nzima.
Pete saba, nyeusi, zimenata utomvu.
Mama amezifuta kwa upindo wa kanga,
amezihesabu, amezihesabu tena.
Hatukusema kitu.

Sasa washa.

Simama ubavuni, usisimame mbele, pazia la mpira liwe chini.
Usikichome kisiki, kipapase:
kushoto, kulia, unene wa kidole, basi.
Kinapunguzwa kama ugali wa moto, kutoka pembeni.
Sikiliza injini. Sauti ikinenepa, rudi nyuma.
Ikitetemeka vingine, zima,
usijiulize, zima,
na gurudumu lisimame lenyewe ndipo usogeze mkono.

Fundi Lushinge alinifundisha haya kule Nyegezi
kwa mkono wa vidole vitatu.
Viwili vilikokwenda hakuniambia.
Ila kila jioni, kabla ya kuinamia meno,
alifungua plagi akaitia mfukoni.
Nikamuuliza, mzee, si umeshaizima?
Akasema, iliyolala haijafa.

Kwa hiyo plagi nipe mimi.
Sasa pitia jino moja moja; lile la nne limevunjika ncha,
badilisha, na mwenzake wa upande wa pili
gurudumu lisije likachechemea.
Kaza bolti. Kesho, baada ya saa moja ya kazi, kaza tena.
Bonyeza mkanda: ukilegea kama kamba ya kuanikia, uvute.
Grisi kwenye beringi, futa inayozidi.
Petroli subiri. Injini bado ina homa.

Mama Mbuke ameomba vumbi la mti, ndoo mbili, kwa maua yake.
Shimo tumelifukia. Hela amelipa, kasoro elfu tano,
sikumdai.

Nimefika Mkuyuni, nimevua suruali,
kitu kikaanguka sakafuni, kli.
Plagi. Imeniachia doa jeusi pajani.
Naiweka juu ya kabati, kando ya funguo.
Huko Isamilo, chini ya turubai, mashine imelala
na usiku huu hakuna wa kuiamsha.